Mzee Aliyetaka Kusikia Chakula

Kuna nyumba moja mtaa wa Kitisuru, Nairobi, ambako chakula cha mchana kilikuwa kinapikwa kila siku, kinapakuliwa kwa sahani ya maana, kinapandishwa ngazi kwa trei, halafu kinarudi jikoni vile vile kilivyoenda.

Hakijaguswa. Hata kijiko hakijalowa.

Na mpishi alikuwa analipwa vizuri tu kukipika.

Mpishi mwenyewe anaitwa Nzembi. Namjua tangu tukiwa majirani kule Mutuini, ploti moja, bomba moja la maji. Kisa hiki amenipa kwa mdomo wake, akaniruhusu nikiweke hapa mradi nisimpambe.

Basi simpambi.

Nzembi alikuwa mtu wa kuhama. Si kuhama nyumba. Kuhama kazi.

Aliuza mitumba, akachoka. Akaingia saluni Kawangware, akasuka watu kwa muda, akatoka bila kuaga. Akakaa kwa duka la simu katikati ya jiji, akatoka. Akaanza kozi ya upishi kwenye chuo fulani, akaiacha kabla ya mtihani kwa sababu, kulingana na yeye, mwalimu alikuwa anarudiarudia vitu.

Kila kazi aliingia nayo na moto. Siku za kwanza anapiga picha, anaweka mtandaoni, anaandika "ukurasa mpya". Baadaye kidogo moyo unaanza kumwasha. Anafungua simu, anaona wale aliosoma nao. Huyu amenunua gari. Huyu yuko Dubai. Na yeye bado anafagia duka la mtu.

Anabeba mkoba, anaenda.

Mamake alikuwa akimpigia kutoka Mwingi, anamuuliza, "Nzembi mwanangu, kwani uko na siafu miguuni?"

Nzembi anacheka, anasema mtandao ni mbaya, anakata simu.

Kazi ya Kitisuru aliipata kupitia kanisa. Sista Mercyline, muuguzi waliyekuwa wakiimba naye kwaya, alimwambia kuna madam anatafuta mpishi wa mchana. Mchana pekee. Hakuna kufua, hakuna watoto.

"Na masharti?" Nzembi akauliza.

"Upike kama watu. Na usiwe na maswali mengi."

Mtu mwingine hapo angeshtuka. Nzembi alikuwa ashaanza kufikiria picha ya kuweka mtandaoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kimya kile cha matajiri. Majirani huwaoni, unaona ua na miti. Getini alikuwa Kitavi, mlinzi, Mkamba mwenzake. Ndani alikuwa sista Mercyline, akimtunza mzee mgonjwa ghorofani. Madam, jina lake Awiti, alikuwa anatoka asubuhi kwenda mjini, ambako ana kampuni ya kulisha maofisi. Akirudi jioni, kabla hata hajaweka mkoba chini, anauliza, "Baba ameshindaje?"

Huyo baba, Nzembi hakuwa amemwona. Alijua tu chumba chake kiko juu ya jikoni, dirisha limeachwa wazi siku nzima.

Siku ya kwanza alipika nyama ya kukaanga, sukuma na ugali. Akapanga kwa sahani, akafuta kingo na kitambaa kama alivyofundishwa chuoni. Sista akabeba trei juu.

Baada ya muda ikarudi.

"Hajala?"

"Mpe Kitavi," sista akasema.

Siku iliyofuata, kuku wa mchuzi. Akarudi mzima. Siku iliyofuata, samaki. Samaki alienda juu akiangalia dari, akarudi chini akiangalia dari.

Nzembi alianza kuumia. Unajua mtu anaweza kukwambia chakula chako ni kibaya, ukamjibu. Sasa huyu hata haonji. Utamjibu nini?

Akamfuata sista kwenye ngazi. "Niambie ukweli. Nimemkosea nini?"

Sista akaangalia juu, akashusha sauti. "Hajala kwa mdomo tangu operesheni ya koo. Analishwa kwa mpira, hapa tumboni. Madam hataki ahurumiwe, ndiyo maana tumeambiwa tunyamaze."

"Sasa mimi napika ya nini?"

"Madam anasema mzee anataka tu kusikia chakula."

Nzembi akaelewa. Au alidhani ameelewa. Mzee anataka harufu. Anataka nyumba inukie kama nyumba yenye watu.

Akaamua atampa harufu.

Wiki hiyo alitwanga vitunguu saumu, tangawizi, bizari, iliki, mdalasini, dania akatia kama anakatia ng'ombe nyasi. Kitavi alisema harufu inafika getini, na kwamba mbwa wa jirani hawalali tena.

Trei ikaenda. Trei ikarudi. Juu, kimya.

Hapo ndipo moto wa Nzembi ulipozima.

Akaanza kupika bora liende. Kwani nani anaonja? Kitunguu anakirusha kwa mafuta baridi. Nyama anaifunika na moto mkali, anatoka nje na simu. Vifuniko vinagongana, mwiko unapiga sufuria, maharagwe yanatoka yakiwa bado yanalia kwa meno.

Siku moja Kitavi alirudisha sahani akijipangusa mdomo pole pole. "Dada, leo ulikuwa unapikia adui?"

"Kama hutaki, wacha."

"Sijasema sitaki. Nimeuliza tu."

Wakati huo huo simu haikumpa amani. Binamu yake Haron alikuwa amepata kikundi fulani mjini na kila asubuhi anamtumia ujumbe wa sauti. "Cuzo, niaje. Wewe uko na mdomo, uko na sura, unakaa jikoni kwa mtu kufanya nini? Kuja Jumamosi usikie wenye wameamka."

Akaenda.

Ilikuwa ghorofani, jengo moja pale karibu na Tom Mboya, ukumbi wa viti vya plastiki uliojaa mpaka mlangoni. Mbele alikuwa jamaa wa suti ya kubana na maikrofoni ya kuning'inia sikioni.

"Ambia jirani yako," jamaa akasema, "mimi sikuumbwa kwa vitu vidogo."

Nzembi akageuka, akamwambia mama mmoja mwenye kikapu, "Mimi sikuumbwa kwa vitu vidogo."

"Hata mimi," mama akajibu.

Jamaa akaendelea. Mshindi hasubiri. Mshindi anaamka mapema. Mtu wa maana hakai mahali ambapo haonekani.

Hiyo ya mwisho ilimwingia Nzembi kama mwiba. Haonekani. Si ndiyo hiyo? Anapikia mtu asiyemwona, chakula kisicholiwa, katika nyumba isiyo na jirani.

Wakati wa kutoka alimvuta Haron kando. "Kazi yenyewe ni ya kufanya nini?"

"Ni mtazamo."

"Mtazamo wa kuuza nini?"

"Hayo unaelezwa ukishaingia. Cuzo, wewe uliza maswali, wenzako watajenga."

Nzembi alitembea hadi stendi akiwa anawaka. Watu walikuwa wanampita, wachuuzi wanaita, na yeye anaona kila mtu mjini anajua anakoenda isipokuwa yeye. Kufika Mutuini alikuwa ameshaamua. Jumatatu ni ya mwisho. Atapika, atabwaga aproni, basi.

Jumatatu ikafika.

Alikata kitunguu kwa hasira, vipande vikubwa kama vya kutupia mbuzi. Akavitupa kwa sufuria. Mafuta yalikuwa yameshika moshi, vikalia vikali. Akavuta sufuria, akaigonga juu ya jiko, akachukua mwiko akaanza kuvichapa. Simu iko begani, anaongea na Haron.

Kisha akasikia kitu nyuma yake.

Sauti kama redio inayotafuta stesheni. Nyembamba, ya chuma, isiyopanda wala kushuka.

"Hicho kitunguu kimekukosea nini?"

Nzembi akageuka. Simu ikaanguka.

Mlangoni alisimama mzee mrefu, mwembamba, ndani ya pajama na koti zito. Shingoni, chini ya kidevu, kulikuwa na tundu lililofunikwa kitambaa cheupe. Mkono mmoja umeshika mlango. Mwingine umebana kimashine kidogo kwenye shingo, mfano wa tochi. Sauti ilikuwa inatoka hapo.

Nyuma yake, kwenye ngazi, sista Mercyline alikuwa amekaa chini na mikono kichwani, machozi yanamtiririka.

"Zima moto," mzee akasema.

Nzembi akazima.

"Mwaga."

Akamwaga.

"Sasa toka nje ya jikoni."

Nzembi akajua amefutwa kazi, na ajabu ni kwamba ilimuuma. Akapita kando ya mzee, akasimama kwenye ukumbi.

"Sasa ingia tena," ile sauti ikasema. "Ingia kama mtu ambaye hana mahali pengine pa kwenda."

Akaingia.

Siku hiyo Nzembi alikata vitunguu hadi macho yakavimba. Mzee alikaa kwenye kiti, hakugusa kisu. Alikuwa anafumba macho, na kila Nzembi akiharakisha anasema, "Hapana." Nzembi anaanza upya. "Hapana." Anaanza upya.

Mwishowe akauliza kwa upole, ili amfurahishe, "Mzee, harufu sasa ni nzuri?"

"Harufu gani?"

"Si nimeambiwa unapenda kuisikia."

Mzee akatikisa kichwa. Akaonyesha tundu la shingo. "Napumulia hapa. Hewa haipiti puani. Tangu operesheni sijui harufu ya kitu chochote. Ungechoma nyumba nisingejua."

Nzembi akakumbuka iliki, mdalasini, ile dania yote.

"Sasa huwa unasikia nini?"

Mzee akagusa sikio.

"Kitunguu kikiiva vizuri kinanong'ona. Chako kinapiga kelele kama mtu ameibiwa. Nyama ikiachwa itulie, mchuzi unabubujika pole pole. Wako unarukaruka. Nimelala pale juu tangu ufike, nasikia haraka yako tu. Nasikia kisu, nasikia kifuniko, nasikia miguu. Wewe hata ukisimama miguu yako inaenda."

Nzembi akaangalia miguu yake. Kidole kilikuwa kinagonga sakafu.

Hakubwaga aproni siku hiyo. Alisema ataondoka kesho.

Kesho yake mzee alikuwa ametangulia jikoni.

Wakaanza. Ni ndengu, siku nenda siku rudi. Ndengu zile zile. Mzee hakuwa na maneno mengi, ila yale aliyokuwa nayo yalichoma. "Unapika ukiwa kesho," alikuwa anamwambia. "Rudi leo." Akimwona ameshika simu ananyoosha mkono, anaichukua, anaikalia.

Alimfundisha kusimama. Ndiyo, kusimama. Kuweka sufuria, kushusha moto, na kutofanya lolote. Nzembi anasema hilo lilikuwa gumu kuliko kazi zote alizowahi kufanya. Ukisimama bila kufanya kitu, mambo yote uliyokuwa unayakimbia yanakufikia. Kodi, mama, umri, yule wa Dubai.

"Sikiliza," mzee anasema.

"Nasikiliza."

"Unajisikiliza wewe. Sikiliza sufuria."

Kuna mchana mmoja alikuwa amemwaga ndengu kwa amri ya mzee, akaanza tena, akaambiwa tena "hapana". Kichwa kikapata moto. Akaweka mwiko chini.

"Mzee, kwani shida ni gani? Wewe hata huli. Unanitesa kwa chakula hutawahi kula."



Mzee alitoa kile kimashine shingoni, akakitia mfukoni, akasimama. Akapanda ngazi akishikilia ukuta, kidato kwa kidato. Mlango wa juu ukafungwa.

Siku iliyofuata hakushuka.

"Amegeukia ukuta," sista akamwambia Nzembi. Hakumlaumu. Alisema tu. "Kama zamani, kabla hujakuja."

Simu ikalia. Haron. "Cuzo, leo tunafunga orodha ya watu wapya. Amua."

Nzembi akavua aproni. Akachukua mkoba. Alijua njia ya kuondoka kuliko mtu yeyote Nairobi. Akapita uani, akafika getini.

Kitavi akafungua geti dogo, akamwangalia mkoba. "Umefutwa ama umeacha?"

Alimuuliza kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, vile ndugu angeuliza.



Nzembi akasimama pale. Kwa mara ya kwanza alizipanga zile kazi zote kichwani, moja kando ya nyingine. Saluni aliacha baada ya mwenye saluni kumwambia mistari yake imepinda. Duka la simu aliacha baada ya kuambiwa anawajibu wateja vibaya. Na yule mwalimu wa chuo hakuwa anarudiarudia kwa kupenda. Alikuwa anarudia kwa sababu Nzembi alikuwa bado hajapata.

Miaka yote alikuwa anasema anatafuta kitu kikubwa zaidi. Kumbe alikuwa anakimbia neno dogo tu. Hapana.

"Kitavi," akasema, "funga geti."

"Ukiwa ndani ama nje?"

"Ndani."

Akarudi jikoni. Akanawa mikono. Akafungua dirisha lililo chini kabisa ya lile la mzee, akaliacha wazi. Simu akaizima, akaifungia kwenye kabati la unga.

Akakata kitunguu. Polepole, kisu kinatembea. Akaweka mafuta, akasubiri. Akasimama tu, mikono kifuani, akisikiliza. Kitunguu kilipoingia hakikupiga kelele. Kilianza kunong'ona. Akakaa nacho hapo, hajui ni kwa muda gani, na ghafla akagundua kuwa miguu yake imetulia.

Huko juu kukasikika kitu.

Fimbo ya mzee, ikigonga sakafu. Mara moja.

Akatia nyanya. Fimbo ikagonga. Akatia ndengu, akashusha moto, akafunika bila kugonga kifuniko.

Halafu akasikia mlango wa juu unafunguliwa.

Mzee alishuka, akakaa kwenye kiti chake, akabana mashine shingoni. Nzembi alisubiri lile neno. Alikuwa tayari kumwaga yote aanze upya, na hakuwa na kinyongo.

"Chumvi," mzee akasema. "Umesahau chumvi."

Akacheka. Mtu asiye na koo akicheka husikii kitu, unaona mabega tu. Nzembi naye akacheka, akalia, akatia chumvi.

Akala yeye na sista na Kitavi. Kitavi hakusema neno lolote mpaka sahani ikaisha.

Walikaa hivyo miezi kadhaa. Siku moja Madam Awiti alimpigia simu asubuhi. Mpishi mmoja wa jiko lake la mjini alikuwa ameugua. Je, Nzembi angeweza kwenda kusaidia?

Jiko hilo liko nyuma ya Moi Avenue, chini ya jengo refu. Ukiingia unapigwa na mvuke na makelele. Msimamizi alikuwa Waithaka, mtu wa kuongea kwa kufoka hata akikusalimia. Akamkabidhi sufuria kubwa kama la kuogea mtoto, vitunguu gunia, akamwambia maofisi yanataka chakula mapema.

Kila mtu alikuwa anakimbia. Nzembi alihisi ile siafu ya zamani inapanda miguuni. Akajikaza, akasimama mbele ya sufuria lake.

Mwenzake akapita, akaona moto mdogo, akauongeza bila kuuliza, akaenda zake.

Nzembi alikuwa amegeuka kuchukua nyanya. Katikati ya kelele zote zile, akasikia. Ule mnong'ono ulikuwa umebadilika, umekuwa mkavu, wa kupasuka. Akaruka, akazima. Chini vitunguu vilikuwa vishaungua.

Akachukua sufuria, akaenda kumwaga.

"We, unamwaga nini?" Waithaka akamfikia.

"Vimeungua."

"Tia nyanya, tia royco, funika. Watu wa ofisi hawajui kitu."

"Naanza upya. Nikichelewa, waambie ni mimi."

Waithaka alimtazama mpaka wenzake wakaacha kukata. Kisha akaondoka akinung'unika.

Na kweli alichelewa. Simu za lawama zikapigwa. Waithaka akazipokea moja moja, akiomba msamaha, huku anamkazia Nzembi macho. Ya mwisho ilipokwisha, alifunua sufuria, akaonja mchuzi uliobaki kwa kipande cha chapati. Akaonja tena.

"Kesho uje mapema kuliko leo," akasema.

Baada ya wiki hiyo, Madam akamwita ofisini kwake, juu ya jengo hilo hilo. Dirisha linaangalia barabara, watu wanapita chini kama mchele uliomwagika.

"Waithaka anakutaka," Madam akasema. "Kazi ya kudumu. Unasemaje?"

Nzembi angepaswa kuruka kwa furaha. Badala yake akauliza, "Na Mzee? Nani atampikia baba yako?"

Madam akaweka kalamu chini.

"Yule si baba yangu."

Nzembi akavuta kiti, akakaa.

"Anaitwa Mzee Were. Alikuwa mpishi mkuu wa hoteli moja kubwa hapa mjini. Mimi niliingia jikoni kwake kupitia mlango wa nyuma, kumenya viazi. Nilikuwa na haraka, Nzembi. Nilikuwa namenya viazi huku nafikiria niondoke lini. Siku moja akanitoa nje, akaniambia niingie tena kama mtu ambaye hana mahali pengine pa kwenda."

Nywele zikamsimama Nzembi.

"Kila aliyepita mikononi mwake anamwita baba. Mkewe alishatangulia, watoto wako ng'ambo. Alipougua nikamleta kwangu." Madam akaangalia dirishani. "Akapoteza koo, akapoteza pua, akageukia ukuta. Kile kimashine alikataa hata kukishika. Daktari akaniambia nijiandae."

"Ndiyo ukatafuta mpishi, asikie chakula."

"Nilileta wapishi. Wazuri. Mmoja alikuwa amepikia mabalozi. Mzee aliwasikiliza, akabaki kwa ukuta. Hawakuwa na kosa. Walipoona hakuna anayekula, wakaondoka mmoja mmoja. Kisha ukaja wewe." Madam akavua miwani. "Haikupita muda, Mercyline akanipigia, ana wasiwasi. Akaniambia, huyu msichana tumfute, anapika kwa fujo, mzee ameketi kitandani amekunja uso, anagonga ukuta. Nikamuuliza, umesema ameketi? Akasema ndiyo. Nikamwambia, basi usimguse huyo msichana. Mwache aendelee kumkasirisha."



"Madam. Kwa hivyo uliniweka kwa sababu nilikuwa napika vibaya?"

"Vibaya sana," Madam akasema, na hakutabasamu. "Mzee hakuhitaji chakula. Alihitaji mtu wa kukosoa. Nilijua siku moja hasira itamshusha ngazi. Kitu sikujua ni kama wewe, ukikosolewa, utakaa."

Nzembi anasema alipokuwa anashuka lifti, alishindwa kujua kama ametukanwa au amebarikiwa.

Ndugu msomaji, mimi si wa kukupangia maisha. Kuamka mapema ni vizuri. Kuwa na ndoto ni vizuri. Lakini nimeona watu wengi wenye kipaji, wenye bidii, wenye mdomo, ambao wamekwama kwa jambo moja tu: mtu akiwaambia "hapana, rudia", wanasikia tusi. Wanabeba mkoba. Na wanapofika pengine wanaanza tena pale pale chini, wanalaumu mji.

Nzembi hakufaulu kwa kuwa alikuwa bora. Alikuwa mbaya kuliko wote waliowahi kupita jikoni kwa Awiti. Alichofanya ni kufunga geti akiwa ndani.

Siku aliyoenda kumuaga Mzee Were, alimkuta jikoni, kwenye kiti chake, kitambaa safi shingoni. Akamweleza yote. Mzee akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akabana mashine.

"Mwambie Awiti asiniletee mpishi mzuri."

Awiti alitii. Siku hizi kuna dada mmoja pale anaitwa Stellah. Nimeambiwa anachoma wali, anavunja sahani, na juzi alitia sukari kwenye mboga akidhani ni chumvi.

Mzee ameongeza kilo, na asubuhi anashuka ngazi bila kushika ukuta.